Daftari la Vipimo la Jamila

Jumatano, 22 Aprili
Leo nimeshona mikono miwili ya gauni la mwalimu, basi. Umeme unakatika, unarudi, unakatika. Mvua tangu asubuhi, sasa na upepo. Idi yuko juu ya paa anaongeza mawe. Nimemwambia ashuke. Mume wangu huyo hasikii.

Mama Salma amepita na vitenge vya sare ya arusi ya binti yake. Mimi niko mlangoni na cherehani, ananiona. Amenipungia mkono, akateremka hadi kwa fundi mwenzangu Jamila, nyumba tatu chini. Kama kawaida.

Alhamisi, 23 Aprili
Mlima umeshuka jana jioni nyuma ya nyumba ya Jamila. Udongo umejaa chumbani, ukuta wa karakana yake umelala chini, mabati manne tumeyaokota barabarani. Mwenyewe mzima. Alikuwa dukani kununua chumvi. Alhamdulillahi. Nililia kweli, na naandika hivyo ili baadaye nisisahau.

Hana mtu hapa Nyakabanda, mumewe alishafariki. Atalala sebuleni kwetu. Mimi ndiye niliyesema, si Idi.

Ijumaa, 24 Aprili
Mtaa mzima umehamia kwangu. Godoro. Sufuria. Uji, maziwa, mihogo. Wote wanamuulizia Jamila. "Disi, maskini, Jamila wetu." Mimi nafungua mlango na kuosha vikombe.

Mwaka juzi paa la jiko langu liliruka. Walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa anatafuta kuku wake.

Nina wivu. Neno lenyewe ndilo hilo. Namwonea wivu mtu asiye na ukuta.

Jumamosi, 25 Aprili
Umuganda, kazi ya mtaa ya kila mwezi. Kiongozi wa isibo yetu, kikundi cha nyumba hizi za jirani, ametuleta wote kwa Jamila badala ya kufyeka barabara. Tulipanga mstari, mabeseni ya udongo yakapita mkono kwa mkono hadi chini. Mgongo umekufa.

Nilichimba upande wa cherehani. Ilikuwa imezikwa mpaka shingoni. Ndani ya droo, kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mara tatu, daftari lake la vipimo. Kavu. Limelowa pembe moja tu. Miili yote ya mtaa huu imo humo, miaka kumi na tano.

Jamila alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anauliza kila mtu: "Hamujaona ile daftari yangu? Mashine itapona. Daftari je?"

Nimelifunga kiunoni chini ya kanga. Sijui kwa nini.

Najua.

Jumatatu, 27 Aprili
Vitenge vya Mama Salma tumevitoa kwenye tope. Tumevifua mara tatu, vimekauka vizuri. Arusi ni tarehe tisa. Cherehani ya Jamila iko kwa fundi wake na haitawahi. Mama Salma alikuwa tayari kumngoja! Amekaa sebuleni kwangu, anakunywa chai yangu, anataka kumngoja Jamila.

Nikasema nitashona mimi. Akauliza habari ya vipimo. Madada zake sita watakaovaa sare wametawanyika, mmoja Ndera, wawili wanapika kwenye nyumba za matajiri wa Nyarutarama na hawapewi ruhusa ovyo. Nikamjibu kwamba sihitaji tepu. Nimewaona kila sikukuu ya Idi kwa miaka kumi, nawajua kwa macho.

Jamila alicheka, akanishika bega. "Zaina iko na macho ya ajabu, sha. Mwachie."

Hakuna kejeli hata chembe. Hilo ndilo linaloniudhi kwake.

Alhamisi, 30 Aprili
Jamila akienda kupanga matofali na majirani, mimi nafungua daftari. Nakata. Kiuno, nyonga, kifua, urefu. Magauni yote sita.

Pembeni ya kila jina kuna neno. "Bega la kushoto limeshuka." "Hapendi kwapa libane." "Mwulize habari za mama yake." Kumbe huwa anaandika hata hayo. Mimi ningeyakumbuka wapi?

Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Hata huo.

Jioni amekaa chini kwenye mkeka ananisaidia kukunja pindo kwa mkono. Idi amemmenyea chungwa. Mimi nimemenya langu mwenyewe.

Jumapili, 3 Mei
Wamekuja kujaribu. Nilikuwa nimesafisha karakana, nimetoa kioo kikubwa, nimewapikia mandazi. Leo mtaa ungejua kwamba nami ni fundi.

Wa kwanza, zipu imegoma kiunoni. Nikacheka, nikasema ni mandazi. Wa pili, imegoma. Wa tatu. Mabega sawa, vifua sawa, urefu sawa, viuno vyote vimebana. Wale wa Nyarutarama wamepoteza siku yao ya mapumziko kwa ajili yangu. Mama Salma alirudisha andazi lake kwenye sahani.

Nikachukua tepu. Dada mkubwa, tisini na saba. Daftari linasema tisini na mbili. Anayemfuata, pungufu tano. Wa tatu, tano. Hapo nikaelewa. Wateja wa Jamila humwinamia wakati anaandika ili waone namba. Yeye huwaandikia kiuno kidogo wafurahi, kisha huongeza sentimita tano wakati wa kukata. Siri yake na mkasi wake.

Nikainua macho. Jamila alikuwa ameshika tepu yake, amepima kiuno cha gauni moja, anapima la pili. Hakupima la tatu, namba zilikuwa za daftari lake. Akaniangalia.

Nikangoja aseme. Mbele ya wote wale, alikuwa na haki.

"Kitambaa iliingia maji, imesinyaa," akawaambia. "Sio kosa ya Zaina. Tutaongeza ubavuni."

Uongo mtupu. Nilikata baada ya kufua, na fundi yeyote anajua kitambaa hakisinyai hivyo mara mbili. Lakini wao si mafundi. Wakala mandazi.

Jumatatu, 4 Mei
Tumefumua magauni. Yeye matatu, mimi matatu. Hakuuliza. Nilitamani anitukane nipate kujitetea. Aliomba uzi wa kijani, nikampa.

Jumamosi, 9 Mei
Arusi. Sare zimekaa vizuri. Mama Salma anamwambia kila mtu kuwa ni kazi ya mafundi wawili. Ningeambiwa hivyo mwezi uliopita ningenuna.

Jumapili, 10 Mei
Ukuta wa Jamila umesimama, mabati yamerudi na mengine mapya ya majirani. Amekunja godoro lake mapema.

Kabla hajatoka nimempa daftari, likiwa kwenye mfuko wake, limefungwa mara tatu. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikasema tu, "Nilikuwa nalo tangu umuganda."

"Najua," akasema. Akalifungua hadi ukurasa mtupu. "Zaina, wewe sijakupima hata siku moja. Simama."

Nikasimama. Mabega, kifua. Tepu ikazunguka kiuno. Mimi ni themanini na nane, nimejipima mwenyewe miaka yote hii, hakuna aliyewahi kunipima.

Nikainama kuangalia, kama wanavyofanya wote.

Ameandika themanini na tatu.