Mado Alianzia Mwishoni

Mjukuu wangu Aline,

Hapa Gihosha tuko wazima, mama yako anakusalimu. Unauliza kwa nini wimbo wako wa piano unavurugika mwishoni kila mara. Wangu pia ulivurugika. Wakati wa vita tulijifunza kwenye piano ya parokia, tukiwahi kurudi nyumbani mapema, na kila siku nilianza mwanzo. Mado, muuza vitenge kutoka Uvira, alianza na mstari wa mwisho, kesho yake akaongeza ule wa juu yake. Nilimcheka.

“Mi naanzaka mwisho,” alisema, “nikichoka niwe naenda fasi naijua.”

Pasaka alipiga yeye. Katikati ya wimbo risasi zikalia mlimani. Mikono yangu ingesimama. Yake ilizidi kutulia kadiri alivyoukaribia mstari ule wa mwisho, nasi tukaimba naye mpaka ukaisha.

Bibi yako