Niliacha nafasi juu ya karatasi, sasa kiwanja cha timu yetu kinaenda benki

Mpendwa mshauri Shangazi Mwanakheri, shikamoo. Naandika nimempakata mwanangu wa miezi saba, meno yanamtoka na hataki kulazwa chini, kwa hiyo mwandiko ukiyumba nisamehe, lakini naomba msaada wako haraka kwa sababu tangu Jumapili sijui nishike lipi niache lipi.

Niko hapa Mikumi, nauza chai na chapati mbele ya nyumba moja ya wageni, na mume wangu Ditram ni katibu wa timu yetu ya Ngurumo, na mimi pia ni mwanachama, kadi ninayo. Msimu uliopita tulikosa nauli ya kwenda mechi mbili, tukanyang'anywa pointi, tukashuka daraja, watu wazima wakalia hadharani, basi alipotokea Bosi Simoni na gari jeupe akasema anainunua timu, ataleta kocha na basi na kujenga jukwaa, nani angemuuliza hela yako iko wapi? Mashabiki walimbeba mabegani. Mume wangu akapewa traksuti yenye jina lake mgongoni, na hata kanisani alitaka kwenda nayo.

Mwezi jana ukafanyika mkutano wa kumkaribisha, wali na nyama na soda, na mimi kwa vile mwandiko wangu unasomeka nikaambiwa nipitishe karatasi ya mahudhurio, Bosi mwenyewe akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, juu achia nafasi kama vidole vinne, kichwa tutachapa Morogoro kipendeze." Nikaacha. Wasiojua kuandika niliwaandikia majina wakaweka dole gumba, Bibi Magreth akawa ananicheka, "Andika mjukuu wangu, mimi nimefuata nyama tu."

Sasa Jumapili dereva wa Bosi akaja kuomba chapati mbili kwa mkopo. Nikamtania, "Dereva wa tajiri nawe unakopa chapati?"

"Tajiri gani, dada? Gari la kukodi hilo. Mimi wiki ya pili hii sijaona hata elfu tano."

Nikamuuliza, na hela ya kununulia timu je? Akatafuna kwanza, akameza, ndipo akasema, "Si kiwanja chenu hicho? Kinawekwa dhamana, benki inatoa mkopo, ndio anawanunua nao." Nilicheka nikidhani utani. Yeye hakucheka.

Nilifunga biashara nikaenda nyumbani nikafungua faili la timu, nikakuta mkataba wa kumuuzia Bosi timu, na nyuma yake ile karatasi yangu, majina sitini na mawili, ila ile nafasi niliyoiacha sasa imechapwa WANACHAMA WALIORIDHIA KIWANJA KUWEKWA DHAMANA. Jina la nne ni langu. Shangazi, nilikaa sakafuni na mtoto mgongoni.

Ditram alipoingia nikamwonyesha. Akasema, "Mama Vaileth, mambo ya wawekezaji huyajui. Wote wanaanza hivyo."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua kuna mkopo. Hilo la kiwanja sikulisoma."

Nikamwambia nitasema mkutanoni Jumamosi, kabla Mzee Yared mwenyekiti hajamkabidhi Bosi hati ya kiwanja, akajibu kwamba nikifungua mdomo nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu, na nirudi kwetu Zombo. Si mtu mbaya, nampenda, na hiyo timu ameihangaikia tangu hajanioa. Mashabiki nao ukimgusa Bosi wanakuita msaliti, umetumwa na wapinzani wetu wa Kilosa mjini. Ninyamaze niokoe ndoa, au niseme?

Mama Vaileth, Mikumi.

JIBU

Marahaba, mama. Majina yenu nimeyabadilisha. Barua ilinifikia Jumatano, na kwa kuwa uliweka namba nilikupigia hapohapo nikakusomea haya. Wengine ndio wanayasoma sasa.

Pole sana. Nimesoma barua nyingi, lakini mtu kununua timu kwa mali ya timu yenyewe, hapo nami niliweka kikombe chini.

Sasa nikugombeze kidogo. Mtu anakuomba uache nafasi juu ya majina ya watu, nawe unaacha kwa sababu ameomba kwa upole? Sahani moja ya wali na nyama imewatia wote upofu, kuanzia katibu. Usirudie tena maisha yako yote. Kichwa na tarehe kwanza, majina baadaye.

Lakini hati bado iko kwa mwenyekiti wenu, kwa hiyo hamjaibiwa bado. Mwendee Mzee Yared leo, mtoto mgongoni, umwambie ulichokiona na kwamba asitoe hati. Kisha pita nyumba kwa nyumba kwa wale uliowaandikia majina. Usiwaambie Bosi ni tapeli, wala usimtaje dereva, kibarua chake kitaota nyasi. Sema la kwako tu: mimi nilipitisha karatasi ya mahudhurio, haikuwa ya dhamana. Yaandike maneno hayo juu, nao waweke dole gumba upya chini yake. Nakala ipelekeni ofisi ya ardhi ya halmashauri kabla ya Jumamosi.

Kuhusu Ditram, mwambie mapema, msishtukizane. Mpe nafasi asimame yeye kwanza aseme, "Nilikosea, sikusoma." Katibu anayesema hivyo mwenyewe hajavuliwa nguo. Akikataa, utasimama wewe. Na akikufukuza kwa sababu umekataa jina lako litumike kwa uongo, nenda Zombo bila aibu, waite wazazi wa pande zote mbili wakae naye. Sidhani mtafika huko. Mtu aliyekiri kwamba hakusoma, bado ana haya.

Jumamosi uliza swali moja: kabla ya kiwanja chetu, hela yako mwenyewe iko wapi? Mwenye hela ataleta barua ya benki. Watakuzomea, wengine hata mashoga zako. Wakikukatalia kusema, usitoke. Kaa na karatasi yako mpya mpaka isomwe na iingie kwenye muhtasari.