Wimbo Wangu Umefungiwa kwenye Kompyuta

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Mdomo wangu huu! Utaniua siku moja.

Leo mazoezi ya kwaya. Mwalimu Ferdinand katutangazia kinanda cha kanisa kimekufa, panya wamekula nyaya zote, na tamasha la kwaya kule Mlowo ni Jumapili hii. Watu wanaangalia viatu vyao. Mimi nani kanituma? Nikasimama. Nikasema ule wimbo wangu muziki wake upo tayari, mwanangu Sadoki aliutengeneza mwenyewe, umo kwenye kompyuta nyumbani. Tutaufungulia kwenye spika tu, sisi tuimbe juu yake.

Vigelegele! Atuganile kanikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Kanong'ona, mama Sadoki, kumbe ulikuwa umekalia mali. Mwalimu kasema vizuri sana, basi tutaimba huo na mama Sadoki ndiye ataongoza. Lakini kama haitawezekana niseme mapema, turudi kwenye ule wa mwaka jana aongoze mama mchungaji.

Nikakaa. Tangu Sadoki avuke mpaka kwenda Kitwe huko Zambia kwa baba yake mdogo, ile kompyuta sijawahi kuiwasha. Naifuta vumbi, naifunika kitambaa, basi.

Lakini wimbo ni wangu! Niliutunga nikikoroga uji wa madereva kule foleni ya malori mpakani. Mimi wa darasa la nne. Sadoki akanirekodi hapa sebuleni, magodoro tumeyaegemeza ukutani, baba yake kakatazwa kukohoa. Kwaya wameshika maneno, ila muziki wake hakuna aliyeusikia. Uko mle tu. Hakuna pengine.

Ee Mungu, nimejitia wapi.

Jumanne, 6 Agosti 2024

Nimewasha. Yaani tumewasha, mimi na baba Sadoki. Boksi la chini likavuma kama jiko la mafuta, kioo cheusi. Nikasema imeungua! Baba Sadoki kazunguka nyuma, kumbe kioo nacho kina kitufe chake. Ikaja picha ya mlima, jina SADOKI, na kijisanduku kirefu cheupe. Baba Sadoki kasema hapo inataka neno la siri.

Nampigia Sadoki. Kelele za dukani huko. Ba mayo, mulishani! Ndiyo salamu siku hizi, kawa Mbemba kamili. Nikamwambia nataka neno la siri, haraka, vocha ni ndogo. Kasema nimebahatisha, maana anapakia mzigo waende mnadani porini huko, mtandao hakuna, atarudi Jumapili usiku. Kasema andika hivi mama, herufi ya kwanza kubwa. Eli, yu, ei, eni, di, ei. Nikasema rudia. Karudia. Nikaandika kwa bic mkononi, simu ikakata. Napiga tena — hapatikani.

Nikasoma mkono wangu: Eliyueienidiei.

Moyo wangu ulifurahi jamani! Nikajua huyu ni mtu wa Biblia, wale wa vitabu vya katikati wenye majina ya kuvunja meno. Mtoto yuko mbali lakini Neno hajaliacha. Baba Sadoki akachukua Biblia kumtafuta kwenye mababu. Kawakuta Elieza, Eliudi, Elifeleti. Wetu hayumo. Kasema labda ni nabii mdogo.

Nikaanza kuandika kwa kidole kimoja. Herufi ya kwanza kubwa — mbona zote kubwa? Angalia vile vitufe, hakuna hata herufi moja ndogo! Nikaona hapo Sadoki kajisumbua bure. Nabonyeza E, inaandika kitone. Nabonyeza L, kitone. Nikapiga kelele imeharibika! Baba Sadoki kasema haijaharibika, inaficha, kama wewe unavyoficha sukari.

Vitone vikajaa. Nikapiga kile kitufe kirefu cha pembeni. Ikakataa, na Kizungu chini. Tena. Ikakataa. Tena. Baba Sadoki naye kajaribu kwa kuita jina kwa sauti kama anaita roll call. Ikakataa.

Tumeizima. Mkono sijaosha, jina lisifutike.

Jumatano, 7 Agosti 2024

Atuganile kaja asubuhi. Nikamweleza. Kasema wewe unahangaika na nini, mafundi wamejaa mjini. Tukalifunga lile boksi kwa kitenge kama mtoto, tukapanda bajaji, mimi nimelipakata. Upepo, vumbi, malori. Kila tuta nalibana.

Fundi kijana mpole. Kaliangalia, kasema mama hii ndogo tu, napiga Window mpya, jioni unaichukua, inafunguka bila neno la siri wala nini. Atuganile keshaanza kucheka, unaona! Nikauliza, na vilivyomo? Kasema vilivyomo vinafutika, lakini itakuwa nyepesi kama mpya.

Vinafutika!

Nikalinyakua boksi mezani. Kitenge chini, sikuokota, Atuganile ndiye kaokota. Kijana kaduwaa, mama vipi tena? Nikamwambia asante mwanangu, ubarikiwe, acha liwe zito hivyo hivyo. Njia nzima Atuganile ananicheka, eti nilivyolikumbatia nilikuwa kama mtu katoka kujifungua.

Hata mimi nimecheka. Lakini chakula cha jioni nimekipika boksi liko kando yangu. Fikiria kama nisingeuliza.

Alhamisi, 8 Agosti 2024

Nane Nane. Uji umeisha mapema. Kompyuta imekaa inanitazama.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Kuna kipande cha roho yangu kinasema isifunguke tu. Isipofunguka sitaongoza mbele ya Mlowo nzima. Mama mchungaji ataongoza, mimi nitasimama mstari wa nyuma na gauni langu la zambarau, hakuna kosa, hakuna aibu. Halafu kipande kingine kinauimba wimbo kikiosha sufuria. Baba Sadoki kaniuliza unaimba au unalia? Nikasema vyote.

Ijumaa, 9 Agosti 2024

Mwalimu Ferdinand kaja mwenyewe. Nilimwona getini nikatamani kujificha chooni. Nikamkaribisha, chai, mihogo. Kasema mama, je? Nikamwonyesha mkono. Maandishi yamebaki ya kusomwa kwa imani.

Kasoma. Kasoma tena. Akavua miwani. Nikadhani amekasirika — kumbe anacheka! Alicheka mpaka chai ikamwagika. Mama Sadoki, huyu si nabii! Mwanao kakutajia herufi kwa Kiingereza. Eli ni L. Yu ni U. Ei ni A. Eni ni N. Di ni D. Akaandika kwenye gazeti: LUANDA.

Nilicheka mimi, akacheka baba Sadoki, kaenda nje kuchekea huko. Tumemtafuta Mzungu kwenye Agano la Kale!

Na herufi kubwa kanionyesha. Kumbe mashine ina herufi ndogo ndogo zimejificha, ukitaka kubwa unashikilia kitufe chenye mshale huku unabonyeza. Nani angejua!

Basi Mwalimu kanyoosha kidole aandike, nikamshika mkono. Subiri Mwalimu. Hilo halijaandikwa sawa. Ni kijiji chetu, na kinaandikwa kwa R. Ruanda. Nimesoma pale, kibao cha shule nakiona hadi leo. Sisi Wanyiha R inatuponyoka, mwalimu wetu wa darasa la pili alitusimamisha mstari mzima tunasema rangi ya reli, rangi ya reli, mpaka ndimi zikalala. Kila kitu kingine nimesahau, hicho hapana. Sadoki kazungumza haraka, au simu ilikwaruza. Mwalimu kasema wewe ndiye mwenye kijiji.

Akaandika Ruanda. Ikakataa. Akaandika kwa herufi ndogo zote. Ikakataa. Kwa kubwa zote. Ikakataa. Akataka kujaribu ya L, nikamkatalia, kibao nakijua mimi. Mwisho ikatufukuza kabisa, Mwalimu katafsiri kwamba tumekosea mno, tungoje. Akaangalia saa, ana kikao cha harusi. Mlangoni kaniambia taratibu tu: mama, kesho mchana nitawaambia kwaya. Ama huo ama ule.



Jumamosi, 10 Agosti 2024

IMEFUNGUKA!!

Nianze mwanzo. Niko kwenye uji, foleni ya malori haisogei. Dereva Mzambia, mnene, mcheshi, kikombe cha pili. Kaniuliza ba mayo, wewe kwenu hapa hapa? Nikajibu hapana baba, kwetu Luanda. Kaacha kunywa. Luanda! Luanda ya Angola? Mimi nimefika huko na mzigo, kuna bahari! Mbona umekuja mbali hivyo kuuza uji? Nikamwambia siyo Angola, ni hapa Mbozi, Luanda, karibu na Mlowo. Kasema basi ndiyo hivyo, Luanda, akawa anawaambia wenzake mama huyu katoka Angola kwa miguu.

Wanacheka, mimi nimesimama na kijiko. Nimesema Luanda. Kwa kinywa changu, na mara mbili! Rangi ya reli yote ile, na bado nasema Luanda. Sasa Sadoki alijifunza kusema kwa nani? Si kwangu? Hajawahi hata kukiona kile kibao. Kwake kijiji cha bibi ni kile anachokisikia nikikitaja.

Nikamwachia dereva ndoo ya uji. Kabisa! Nikamwambia pakua mwenyewe, gawia na wenzako, nakuja. Nimekimbia na aproni.

Nikawasha vyote viwili. Kitufe cha mshale nikakishikilia kwa nguvu zote, L. Nikaachia. u. a. n. d. a. Nikafumba macho nikapiga.

Ikalia ta-raaa! Na pale kwenye kioo, pazima — ni mimi. Aproni hii hii, mdomo wazi, naimba. Sadoki alinipiga picha lini? Kaniweka kwenye kompyuta nzima.

Baba Sadoki kaja mbio akadhani nimepigwa shoti.

Mwalimu kafika na Atuganile nyuma yake. Kabofya bofya, kafungua. Muziki ukaanza. Yale magitaa! Halafu sauti yangu. Sikujua naimba hivyo. Atuganile alisikiliza — Atuganile! — mpaka mwisho, ndipo kasema, sasa we mwanamke, mwaka jana mstari wa nyuma ulikuwa unajificha nini?

Mwalimu hakuja na flash, ipo kwa mtu wa kudurufu. Kesho atakuja nayo kabla ya safari. Kanionyesha kuizima kwa adabu, siyo kung'oa waya. Nikabofya aliposema. Ikaandika Kizungu kingi kabla ya kulala, lakini imelala.

Nimerudi foleni, ndoo imeoshwa, imefunikwa. Natotela, yaani asante, dereva popote ulipo.

Jumapili, 11 Agosti 2024

Nimevaa zambarau. Costa ya kutupeleka Mlowo iko nje, imejaa wanakwaya, injini inanguruma. Mwalimu yuko hapa na flash.

Nimewasha. Neno la siri nimeandika mara ya kwanza nikasahau mshale, mara ya pili ikakubali. Nikasema aleluya. Halafu badala ya picha yangu ikaja bluu tupu. Duara linazunguka. Mwalimu kasoma: inajirekebisha, tusiizime. Kumbe ndicho ilichokuwa inasema jana usingizini! Asilimia ishirini. Mwalimu anaipapasa kichwani kama ng'ombe mkorofi.

Naandika ili mikono ikae mahali.

Asilimia thelathini na tano. Dereva wa Costa anapiga honi. Umeme umefifia — umerudi. Asante Yesu. Baba Sadoki kaenda kumtuliza dereva.

Arobaini na moja. Mbona inasimama? Mwalimu kasema mama, tukichelewa Mlowo wanaturuka, hatupati zamu nyingine. Ninajua Mwalimu. Nikamuuliza, tuwaambie waimbe ule wa mwaka jana? Kaangalia mlango.

Huko nje wameanza kuimba. Siyo wa mwaka jana. Wangu. Bila kinanda, bila spika, wanapiga makofi kwenye bati la Costa. Mama mchungaji namsikia kabisa, kashika sauti ya pili! Hata dereva kaacha honi.

Arobaini na tatu.

Bila magitaa unasikika mpana zaidi. Sikujua. Wameingia ubeti wa pili, Atuganile kauanzia juu mno, hapo kwenye "utuvushe" atakwama. Anakwama — kakwama! Wameacha kuimba wote, wanacheka, halafu Atuganile anaita, mama Sadokiii!

Mwalimu kaniangalia. Kasema nenda, mimi nakaa na hii.

Ni chini kidogo tu wanatakiwa kuanzia, chini pale pa kukoroga uji. Ngoja nitoke nikawaanzishie.