Mtani Aliyevaa Kanga ya Mama

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Bibi yako mzima, kununa tu. Unauliza kama nililia alipofariki mama yangu, bibi yake baba yako. Sikutoa hata chozi. Haya, uongo, nililia kama mbuzi aliyefungwa juani.

Siku ya tatu ya matanga, mtani wetu wa kijiji cha Miono, kama watani wafanyavyo msibani, alijifunga kanga ya marehemu, akaiga sauti yake: “We Saidi, umenawa miguu?”

Nami na mvi zangu nikajibu, “Bado, mama,” nikainuka kufuata maji. Watu wakacheka, nami nikacheka. Kumbe hadi juzi nilikuwa mtoto. Sasa hakuna wa kunigombeza.

Sahani ya bibi yako uliyoivunja, bado namsingizia paka. Basi nilipe: ukija likizo, nigombeze kidogo.

Babu yako Saidi