Nilimweka Mbele ya Senta

Pell Creek, Alabama
30 Oktoba 1986

Dada yangu mpendwa Ozella,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo. Vipi mgongo wako, na hiyo baridi ya Detroit? Sisi huku miili ni mizima. Kanisa limepata paa jipya, na Mama Pruitt bado anaimba kukishinda kinanda.

Mwanao Jericho anakula vizuri. Mkate wa mahindi haufiki kesho. Lakini Jumanne aliacha timu, akarudisha kofia yake ngumu ya mpira wa Kimarekani, na jana akaenda kuandikisha jina kiwanda cha kuku. Kocha mkuu alipomwuliza kulikoni, akajibu amechoka kulaliwa.

Wewe hukuupenda mchezo huu, kwa hiyo nivumilie. Mlinzi wa ndani akisimama uso kwa uso na senta wa wapinzani, yule anayeinama na kupitisha mpira kati ya miguu yake, kazi yake ni kukabana na watu wawili ili wenzake wapate nafasi. Hiyo ni kazi ya mtu mzito, na jina lake halitajwi kwenye kipaza sauti. Akisogea hatua moja kando, mbele yake pana pengo. Aliye mwepesi anapenya, anamwangusha mwenye mpira, uwanja mzima unasimama. Jericho ni mwepesi. Mwaka jana nilimweka penye pengo, na mtu wa chuo kikuu anayesaka wachezaji akaja mara mbili na daftari lake.

Mwaka huu, kwa kuwa kocha ameniachia mimi mstari wa mbele, nimemweka mbele ya senta michezo yote minane. Wenzake wakamwita Godoro, wakamwuliza shuka na mto ameviacha wapi. Alicheka nao. Yule mtu wa chuo alikuja Septemba, akatazama hadi mapumziko, akaondoka. Tukiwa kwenye gari, Jericho akaniambia, "Mjomba, labda sikuwa mzuri kama tulivyodhani." Nami, shemasi mzima, nikawasha redio ya gari.

Niliwaambia watu kwamba timu ilihitaji hivyo. Si kweli. Mtoto wa akina Hargrove, mzito kama jokofu, amekaa benchi muda wote huu. Ozella, tangu mke wangu Willa afariki, nyumba hii haina nyayo nyingine ila zangu na za Jericho. Nilijua chuo kikimwona kitamchukua. Nikamficha mahali ambapo hakuna anayetazama. Na kila asubuhi nilipiga magoti kumshukuru Mungu kwamba bado yupo.

Mchezo wa mwisho ni Ijumaa, tarehe 14 Novemba. Nimembembeleza yule mtu kwa simu, atakuja mara hii tu. Kofia ya mtoto ipo kabatini kwa kocha, na penye pengo ni pake. Lakini hataki hata kusikia, na nikitaka kumweleza ukweli machozi yananitangulia. Anakusikiliza wewe tu. Ukimaliza kusoma, mpigie. Mwambie hakuwa mbaya hata siku moja, ni mjomba wake aliyemweka pabaya. Akinichukia, na anichukie akiwa chuoni.

Wasalimu wote unaosali nao huko. Uniombee, nami sijui kama bado ninastahili kukuombea.

Ni mimi kaka yako,
Thaddeus