Bunduki ya Watu Wawili

Arusha, Alhamisi, mwezi wa Rajabu

Basi nimechagua ile nyepesi. Ile nzito ni bunduki ya watu wawili.

Kesho tunapanda Meru kuwinda, na Bwana Mdachi aliniwekea bunduki mbili mezani. "Wewe ndiye mbebaji," akasema, "chagua." Moja ni ya mitutu miwili, nzito, humlaza mbogo kwa risasi moja. Nyingine ni ya komeo la kuvuta kila baada ya risasi, fupi, nyepesi kama mwiko. Naiogopa kidogo, maana mbogo akijeruhiwa tu asianguke...

Kwa hofu hiyo nikaanza na nzito. Leo tukaijaribu kwa kuibeba mpaka ukingo wa msitu, yeye mbele, mimi nyuma. Njia ilipoanza kupanda bega likachoka, nami bila kufikiri nikaisogeza bunduki kando nikasema, "Haya Hamadi, pokea."

Hamadi tulimzika kabla ya mvua za vuli. Miaka yote mlima huu tuliupanda pamoja, tukipokezana mzigo na kuzungumza ya kwetu Pangani. Hapa watu wana Kimeru chao na Kimaasai chao. Kiswahili ninachosikia siku hizi ni cha kuamriwa: lete, beba, ngoja.

Bwana aligeuka upesi, akaipokea yeye ile bunduki, akachuchumaa akielekeza mtutu msituni.

"Mnyama iko wapi?" akaninong'oneza.

Nikatazama nyuma yangu, njia ilikuwa tupu.

"Ameshakwenda, bwana," nikamjibu.