Bango la Verlyn kwa Bibi Ardis

Shoga, Verlyn kaniua leo!

Si unajua kaka yangu anagombea kiti cha wilaya yetu katika bunge la jimbo hapa Iowa? Basi kapiga hodi kwa bibi mmoja, Ardis. Kakaribishwa, kapewa pai ya tufaha, akaanza kumponda mpinzani wake: "Huyo Lowell wapigakura hawamwoni hata kwa dawa!"

Bibi akasema, "Hata mimi simwoni. Na ni mwanangu."

MWANAWE, shoga! Verlyn akaiweka pai mezani.

Akaomba radhi, akainuka aondoke. Bibi akamzuia: "Kaa, baba. Kura yangu ni ya Lowell. Lakini bango lako lisimike pale mbele ya nyumba, alione."

Jioni Lowell, keshasikia habari za bango, kafika mbio, uso umemwiva kwa hasira. Kamkuta mamake keshaandaa meza ya watu wawili.